Sura ya Nne: Baiskeli ya Mbio kwa Mfuko Mdogo

Swali lenyewe ni fupi, na huulizwa Nyasho kama linavyoulizwa stendi ya Bunda: kwa pesa niliyonayo, ninunue Phoenix mpya au nitafute baiskeli ya mbio ya mtumba?

Wanaouliza wameongezeka, na sababu zinaonekana. Katika miaka ya karibuni msafara wa baiskeli wa Twende Butiama umekuwa ukitoka Dar es Salaam na kumalizia safari Butiama, kumkumbuka Mwalimu Julius Nyerere aliyefariki Oktoba 14, 1999. Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, mara ya kwanza kuletwa Afrika. Mwaka mmoja kabla ya hapo Biniam Girmay wa Eritrea alitwaa jezi ya kijani ya Tour de France. Hata Chris Froome, aliyeshinda mbio hizo mara nne, alizaliwa Nairobi na ujana wake alinolewa na David Kinjah kule Kikuyu. Kijana wa Musoma akiyaona haya anajua kwamba mchezo huu umeshafika kwa majirani zake. Kinachomrudisha nyuma ni bei.

Jibu langu ni kwamba baiskeli ya mbio inawezekana kwa mfuko mdogo, ila mnunuzi aanze na vipuri kabla hajavutiwa na rangi ya fremu. Baiskeli ambayo tairi lake halipatikani Musoma wala Mwanza itaegemezwa ukutani siku lile la kwanza litakapochanika, hata kama ilikuwa na jina kubwa na ilipatikana kwa bei ya kutupa. Mengi yanayofuata katika sura hii yanatokana na jambo hilo moja.

Ili hesabu zieleweke, tumchukue mwalimu wa shule ya msingi anayekaa Bweri, ambaye amedunduliza shilingi 400,000. Kiasi hicho ni cha mfano tu. Wewe weka chako.

Hiyo "ya mbio" ni ipi hasa?

Baiskeli ya mbio, kwa maana ya sura hii, ni ile iliyotengenezwa kwa ajili ya lami. Ina fremu nyepesi, matairi membamba yanayojazwa upepo mwingi, gia kadhaa, na usukani uliopinda kuelekea chini kama pembe za kondoo dume. Phoenix iliyokamilika, yenye keria, madigadi na standi, huwa na kilo 20 hivi au zaidi. Ya mbio ya bei ya chini huwa na kilo 10 hadi 13. Tofauti hiyo utaihisi miguuni kila unapopanda kilima.

Kwenye tambarare kinachochosha zaidi ni hewa. Ukishavuka mwendo wa kilomita 20 kwa saa, sehemu kubwa ya nguvu zako huishia kupasua hewa iliyo mbele yako, na mwendo ukizidi mara mbili, upinzani wa hewa huzidi mara nne. Usukani ule uliopinda upo kwa sababu hiyo. Unakuwezesha kuinama ili kifua chako kikumbane na hewa kidogo.

Ubaya wake usemwe mapema: baiskeli hii haibebi mzigo. Kama ndiyo itakayotoa samaki mwaloni Mwigobero kupeleka sokoni, au kubeba gunia la mihogo, au kumpakia mama mgonjwa, basi nunua Phoenix au Avon na usijilaumu. Na kama nyumbani kwako ni kilomita kadhaa ndani ya barabara ya vumbi, fikiria baiskeli ya milimani ya mtumba, ile yenye matairi mapana, kisha uivalishe matairi laini yasiyo na vishina. Itakwenda vizuri kwenye lami na haitakufa kwenye makorongo ya mvua za masika. Kwa watu wengi wa vijiji vya Butiama naamini hili ndilo chaguo bora, hata kama halina fahari ya ile nyembamba.

Mwalimu wetu wa Bweri anakaa karibu na lami, anafundisha karibu na lami, na anataka kufika Butiama na kurudi siku za Jumamosi. Baiskeli ya mbio inamfaa.

Anza na tairi

Ukifika mahali zinapouzwa baiskeli za mtumba, iwe Musoma, Mwanza au kwa dalali anayekuonyesha picha kwenye simu, swali la kwanza lisiwe bei. Inama usome ubavu wa tairi. Utakuta namba mbili zimetenganishwa na mstari mfupi. Namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita. Ya pili ni kipenyo cha rimu, yaani kile chuma cha mviringo, pale tairi linapokaa. Hiyo ya pili ndiyo yenye uamuzi.

- 40-635: hili ni tairi la Phoenix na ndugu zake, linaloitwa 28 kwa inchi. Lipo karibu kila duka la vipuri vya baiskeli.
- 28-622: hili ni la baiskeli nyingi za mbio za siku hizi. Huandikwa pia 700x28C.
- 32-630: hili ni la baiskeli za mbio za zamani, linaloitwa 27 kwa inchi.
- 47-559: hili ni la baiskeli za milimani za kawaida, linaloitwa 26 kwa inchi.

Tazama mtego uliopo hapo. Kati ya 622 na 630 kuna milimita 8 tu, na macho hayawezi kuzitambua. Kati ya 630 na 635 kuna milimita 5. Lakini tairi la 622 halitaingia kwenye rimu ya 630 hata fundi atumie spana tatu, na la 630 likivalishwa kwenye rimu ya 622 litaingia kirahisi, litajazwa upepo, kisha litachomoka ukiwa kwenye mteremko. Muuzaji akikuambia "hilo linaingia tu, bosi", mwombe alivalishe mbele yako na kulijaza upepo kamili.

Baiskeli nyingi za mbio za miaka ya 1970 na 1980 zinazoshushwa kwenye makontena ni za 630. Zina fremu nzuri za chuma na huuzwa kwa bei inayomshawishi mtu. Mimi ningeziacha, isipokuwa kama muuzaji ananipa na matairi mawili mapya ya akiba. Tairi la 622 ndilo linalotumiwa na baiskeli mpya duniani kote, kwa hiyo likikosekana Musoma utaagiza Mwanza au Dar es Salaam, litawekwa kwenye basi na kukufikia. La 630 utalitafuta kwa muda mrefu.

Hapa watu hukosea jambo lingine. Baiskeli za milimani zinazoitwa 29 zina rimu ya kipenyo kilekile cha 622. Ni kweli, lakini tairi lake ni pana mno na halitapita kati ya miguu ya foku ya baiskeli ya mbio. Foku ni ile sehemu iliyogawanyika inayoshika gurudumu la mbele.

Tukija kwenye upana, baiskeli za mashindano za zamani zilivaa tairi za milimita 23. Usizitake kwa barabara zetu. Tafuta fremu inayoruhusu 28, na 32 ikiwezekana. Kipimo chake ni rahisi: ingiza kidole kidogo cha mkono kati ya tairi na fremu, juu na pembeni. Kikipita kwa raha, kuna nafasi ya tairi pana zaidi. Kikikwama, baiskeli hiyo ni ya lami safi tu, na hata mchanga uliosombwa na mvua ukaachwa kando ya lami utakusumbua.

Upepo nao una kipimo. Mtu wa kilo 70 kwenye tairi la 28 anahitaji kama psi 75. Psi ni kipimo cha msukumo wa upepo kinachoandikwa kwenye pampu na ubavuni mwa tairi. Kwenye tairi la 32, psi 60 zinatosha. Upepo ukipungua sana, tyubu itabanwa kati ya shimo na rimu na kutobolewa matundu mawili yanayoelekeana. Ukiona matundu ya namna hiyo, usitafute mwiba. Ongeza upepo.

Kisha angalia vali, yaani mdomo wa tyubu unaopitisha upepo. Tyubu nyingi za baiskeli za mbio zina vali nyembamba yenye kijiskrubu juu, ambacho hulegezwa kabla ya kujaza. Pampu ya fundi wa kawaida haishiki vali hiyo. Kuna kipande kidogo cha shaba kinachosokomezwa juu yake na kuifanya ikubali pampu za kawaida. Nunua viwili, kimoja kikae kwenye baiskeli na kingine mfukoni, maana hupotea.

*Kwa ufupi: kama tairi linasomeka 622, kidole kidogo kinapita, na vali ina kipande chake cha shaba, endelea kuitazama baiskeli hiyo. Kama ni 630, omba matairi ya akiba au uage kwa heshima.*

Hesabu ya meno

Gia huwatisha wageni bila sababu. Kila gia ni duara lenye meno. Cheni inaunganisha duara la mbele, kwenye pedeli, na la nyuma, kwenye gurudumu. Gawanya meno ya mbele kwa ya nyuma, utajua gurudumu linazunguka mara ngapi kila unapokanyaga mzunguko mmoja. Gurudumu la baiskeli ya mbio likizunguka mara moja hukusogeza kama mita 2.1.

Kwa hiyo meno 50 mbele na 25 nyuma ni mizunguko miwili, mita 4.2 kwa kila pedeli. Hiyo ni gia ya tambarare. Meno 34 mbele na 28 nyuma hukupa mita 2.5 hivi. Hiyo ni gia ya kilima, nyepesi miguuni. Baiskeli nyingi za mashindano za zamani huwa na 42 mbele kama ndogo kabisa na 23 nyuma kama kubwa kabisa. Gia yao nyepesi kuliko zote ni mita 3.8, na mtu asiyezoea atashuka kusukuma.

Hesabu meno kabla ya kulipa. Itakuchukua dakika mbili, na hizo dakika zitakuambia zaidi ya jina lililoandikwa kwenye fremu. Idadi ya gia, kama ni 14 au 16 au 18, haina uzito sana. Uzito uko kwenye ile nyepesi kuliko zote.

Mbele ya muuzaji

Nenda mchana, na uende na fundi wako ukiweza. Muuzaji ataheshimu zaidi macho mawili yaliyozoea, na wewe utapata nafasi ya kukaa kimya.

Ukaguzi wa fremu ndio wa kwanza, kwa sababu vingine vyote hubadilishwa. Pitisha kidole chini ya fremu pale bomba zinapokutana na shingo ya usukani. Rangi iliyopasuka kwa mstari au kukunjamana hapo ni dalili kwamba baiskeli iligonga kitu kwa mbele. Kama fremu ni ya kaboni, yaani nyuzi zilizogandishwa kwa gundi, na bei yake ni ndogo kupita kiasi, iache. Ufa wa kaboni waweza kujificha ndani ya rangi na kukuangusha bila onyo. Chuma na aluminiamu ndivyo vya mfuko mdogo. Chuma kina faida kwamba fundi wa kuchomelea anakijua. Ubaya wake ni kutu, hasa ndani ya bomba la kiti.

Zungusha kila gurudumu ukitazama nafasi kati ya rimu na breki. Likiyumba kidogo, fundi atalinyoosha kwa kukaza na kulegeza spoku. Likiruka juu na chini, rimu imepinda na itakubidi ununue nyingine. Kisha shika rimu ulisukume kulia na kushoto. Likicheza, gololi za ndani zimelegea au zimekwisha. Hiyo si sababu ya kuikataa baiskeli. Ni sababu ya kupunguza bei.

Cheni hupimwa kwa rula ya shule, upande wa inchi. Weka sifuri katikati ya pini moja. Kwenye cheni mpya, alama ya inchi 12 itaangukia katikati ya pini nyingine. Pini hiyo ikiwa imepita alama kwa milimita moja na nusu, cheni imechakaa na itafaa kubadilishwa. Ikiwa imepita kwa milimita tatu, meno ya gia nayo yameliwa, na gharama imepanda. Wauzaji wachache sana wanategemea mteja atoe rula mfukoni.

Mwisho ni ukubwa. Simama ukiwa umeitia baiskeli katikati ya miguu. Bomba la juu lisikuguse unapokanyaga chini kwa nyayo zote. Kaa kwenye kiti, weka kisigino juu ya pedeli iliyo chini kabisa. Mguu unyooke. Ukiendesha kwa sehemu ya mbele ya unyayo, kama inavyotakiwa, goti litabaki limekunjwa kidogo, na hapo ndipo kiti kinapotakiwa kuwa. Baiskeli kubwa isiyokutosha haifai hata ukipewa bure, na wanawake wengi huumizwa na jambo hili kwa kuuziwa fremu ya mtu mrefu kwa maneno "utaizoea tu, dada".

Mkishakubaliana, andikishaneni. Namba ya fremu mara nyingi imegongwa chini, pale pedeli zinapopita. Iandike kwenye karatasi ya mauziano pamoja na majina yenu, na msaini mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Baiskeli za wizi zipo, na karatasi hiyo ndiyo itakayokutetea.

Kugawa zile 400,000

Mwalimu wetu asilipe 400,000 kwa baiskeli. Mimi ningegawa hivi:

1. Baiskeli yenyewe: 250,000.
2. Matairi, tyubu, waya na cheni kama imechakaa: 80,000.
3. Fundi: 30,000.
4. Helmeti, taa, pampu ndogo, viraka na solusheni: 40,000.

Namba zitabadilika kulingana na duka na msimu, lakini fungu la kwanza lisivuke theluthi mbili ya pesa zako. Mtu anayetumia zote kwenye baiskeli huishia kuendesha na matairi ya zamani, na matairi ya mtumba yaliyokaa miaka kwenye ghala la Ulaya au Japani huwa yamekauka na kupasukapasuka ubavuni.

Helmeti, ile kofia ngumu, isichukuliwe kwa urembo. Ndani yake kuna povu gumu linalobonyea mara moja tu kwa ajili ya kichwa chako. Iliyowahi kugonga chini imekwisha kazi, hata kama juu inang'aa. Kwa hiyo hapa ningechagua mpya ya bei rahisi kuliko ya mtumba yenye jina.

Kazi ya fundi

Mafundi wa Mara wanaijua Phoenix kuliko yeyote, na kazi nyingi za baiskeli ya mbio ni zilezile: kuosha gololi, kupaka grisi mpya, kunyoosha rimu, kuziba pancha. Jambo moja wengi hawajakutana nalo ni waya wa breki. Waya wa baiskeli ya milimani una kichwa cha mviringo kilicholala, na wa ya mbio una kichwa kidogo chenye umbo la pea. Havibadilishani. Fundi mwenye haraka atakipunguza kichwa kwa tupa mpaka kiingie, na waya huo unaweza kuchomoka siku utakapobana breki kwa nguvu zako zote. Nunua waya sahihi mwenyewe, umpelekee.

Muulize pia, au ujaribu mwenyewe, mkono upi unashika breki ya mbele. Baiskeli nyingi kutoka Japani na Uingereza zina breki ya mbele mkono wa kulia. Za Ulaya bara na Marekani ziko kushoto. Asiyejua hilo akibana kwa mshtuko anaweza kurushwa juu ya usukani. Fundi anaweza kubadilisha upande kwa dakika chache ukitaka.

Kaa naye anapofanya kazi. Kuvua tairi, kuweka kiraka na kurudisha cheni iliyochomoka ni mambo matatu ambayo lazima uyaweze mwenyewe kabla ya kutoka nje ya mji, na hakuna shule nzuri kuliko benchi la fundi chini ya mwembe.

Asubuhi ya kwanza

Usianze na Butiama. Anza alfajiri ya Jumapili, barabara ya Mukendo ikiwa tupu, uelekee Makoko na kurudi. Asubuhi hiyo ina kazi nne tu.

Ya kwanza ni breki. Breki ya mbele ndiyo yenye nguvu, kwa sababu ukisimama uzito wote husogea mbele. Bana zote mbili taratibu, huku ukisukuma makalio nyuma ya kiti. Rudia mpaka mwili uelewe.

Ya pili ni gia. Badilisha kabla ya kilima, wakati miguu bado inazunguka kwa wepesi. Ukingoja mpaka umekwama katikati, cheni italia na huenda ikachomoka. Usitumie duara kubwa la mbele pamoja na kubwa kabisa la nyuma. Cheni inakaa mshazari na kuchakaa upesi.

Ya tatu ni matuta na rasta, ile mistari iliyoinuka ya kupunguza mwendo. Kwenye matairi membamba rasta hutetemesha mpaka meno. Punguza mwendo, inuka kidogo kwenye kiti, pedeli ziwe sambamba, viwiko vilegee. Ukikaza mikono usukani utakunyang'anya.

Ya nne ni kutazama nyuma bila kuyumba. Wengi wakigeuza shingo, baiskeli nayo inageuka kufuata. Jizoeze kwenye barabara tupu mpaka uweze kutazama gari linalokuja huku ukibaki kwenye mstari uleule, kushoto mwa barabara.

Makalio yatauma. Usikimbilie kununua kiti kinene. Kiti kinene husugua zaidi kwenye safari ndefu. Nunua kaptura ya baiskeli yenye kitambaa kizito ndani, uivae chini ya suruali au sketi, na uupe mwili wiki mbili.

Musoma hadi Butiama

Ni kama kilomita 40, lami tupu: unatoka Bweri, unafika Makutano, unaivuka barabara kuu iendayo Sirari na kuendelea hadi Butiama. Mwalimu Nyerere alipoingia shule ya Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, njia hiyo watoto waliitembea kwa miguu.

Ugumu wake hauko kwenye umbali. Uko kwenye upepo na mwinuko vikichanganyika. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na Butiama iko juu zaidi ya ziwa, kwa hiyo safari ya kwenda ni ya kupanda kwa sehemu kubwa. Mgeni hujipa moyo kwamba kurudi atateleza. Lakini nchi kavu ikishachomwa na jua, hewa yake hupanda juu, na hewa ya baridi kutoka ziwani huvuta kuja kuziba nafasi. Huo ndio upepo wa ziwa, na mara nyingi hushika kasi kuanzia mchana. Anayerudi Musoma saa nane anakwenda moja kwa moja dhidi ya upepo huo, na mteremko wote aliousubiri unageuka kazi.

Basi ondoka saa kumi na mbili asubuhi. Kunywa chai Makutano, utazame malori yanavyopita ili uyajue. Fika Butiama jua likiwa bado dogo, tembelea makumbusho na kaburi la Mwalimu kule Mwitongo, na uanze kurudi kabla ya saa tano. Beba lita mbili za maji, ndizi na karanga, tyubu moja, viraka, pampu. Ukikuta kundi la ng'ombe barabarani, punguza mwendo, usipige kengele nyuma yao ghafla, na pitia upande wa mkia. Ng'ombe aliyeshtuka huruka mbele.

Njia ya Bunda

Musoma hadi Bunda ni zaidi ya kilomita 60, na hiyo ni safari ya mwezi wa pili au wa tatu. Hapa uko kwenye barabara kuu inayobeba malori ya Kenya na mabasi ya Mwanza. Oktoba 1967 Mwalimu alitembea kwa miguu kutoka Butiama hadi Mwanza, zaidi ya kilomita 200, kuunga mkono Azimio la Arusha. Barabara ya leo ina lami na mwendo ambao haukuwepo siku zile.

Lori kubwa likikupita, kwanza litakusukuma pembeni kwa hewa yake, kisha litakuvuta kuelekea barabarani. Shika usukani kwa mikono yote miwili ukilisikia, na usijibanze ukingoni kabisa mwa lami. Acha kama nusu mita ya kukimbilia. Vaa rangi kali. Taa nyekundu ya nyuma iwake hata mchana. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inawahusu wenye baiskeli kama wenye magari, na trafiki ana haki ya kukusimamisha.

Kandokando kuna migunga, na miiba yake iliyokauka huingia tairi laini bila shida. Ukisimama kupumzika, inua baiskeli uiweke kwenye lami au saruji, usiiburute kwenye majani. Kila unaposimama pitisha kiganja chenye glavu au kitambaa juu ya tairi. Mwiba ukichomolewa mapema haufiki kwenye tyubu.

Bunda mjini ndipo pa kuishia kwa mwenye baiskeli aliye peke yake. Ukiendelea kusini kuelekea Lamadi, barabara inapita jirani kabisa na Hifadhi ya Serengeti, karibu na lango la Ndabaka, na tembo hutoka hifadhini kuingia kwenye mashamba ya vijiji vya Bunda. Kipande hicho kisipitwe alfajiri wala jioni kwa baiskeli. Ukilazimika kwenda Mwanza, pakia baiskeli kwenye buti la basi, gurudumu la mbele likiwa limevuliwa na cheni ikiwa upande wa juu.

Ukirudi nyumbani kutoka safari hiyo ya kwanza ndefu, mpelekee fundi baiskeli hata kama haina tatizo. Waya mpya hunyooka, na spoku zilizokazwa hivi karibuni hulegea baada ya kilomita mia chache za mwanzo. Atazikaza zote kwa kikao kimoja, na baada ya hapo zitatulia kwa muda mrefu.